Mbeleko Juu ya Simba

Saa mbili asubuhi, Mkokotoni. Sichana Makungu amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele ya nyumba ya kuzalishia, brashi mkononi. Anaipaka chokaa ngao yenye simba wawili iliyochorwa juu ya mlango, na juu yake anachora mbeleko ya buluu, imefungwa fundo, imetuna kama iliyobeba mtoto. Wanaume wanaotoka sokoni wanasimama kumtazama. Hageuki.

"Miezi minne nimeingoja kamati iiondoe," anasema. "Sasa basi."

Sichana, mwenye miaka thelathini na minne, ni mshona kofia. Wanawake huja hadi kutoka Matemwe awachoree maua ya kofia kabla hawajatia sindano. Kofia moja humchukua wiki sita.

Mwaka jana, 1955, wanakijiji waliijenga nyumba hii kwa mikono yao. Wanawake walibeba mawe vichwani tangu pwani. Kisha kamati, wanaume saba, ikamtaka Sichana abuni alama ya mlangoni ambayo kila mtu ataiona yake: Mtumbatu, Mhadimu, Mwarabu, Mhindi, Mngazija na mtu wa bara.

Sura ya binadamu hakutaka kuichora, watu wa dini wasije wakanung'unika. Baada ya siku tatu akapata wazo la mbeleko.

"Nani hakubebwa?" anauliza. "Hata huyo mwenyekiti alibebwa!"

Kamati ilicheka. Mwenyekiti, Bwana Msabah, alisema nguo ya kubebea mtoto ni aibu mbele ya wageni. Ikawekwa ngao ya simba, na maneno ya Kiingereza chini yake.

"Bwana, sisi wanawake hatuyasomi hayo," Sichana alimwambia.

"Nyumba njema si mlango, Bi Sichana."

"Na asiyeujua mlango aingilie wapi?"



Wiki iliyopita Mwanapili Shaame alivuka kutoka Tumbatu na uchungu wake, yeye na mama yake mzee. Waliiona ngao, wakadhani ofisi ya serikali, wakapita kwa adabu. Wakaenda kubisha ghala ya mbata, ile nazi kavu, hatua mia mbili mbele, wakidhani ndiyo nyumba yenyewe. Hamkuwa na mtu. Mwanapili akajifungulia barazani, juu ya magunia. Mkunga alipofika, mtoto keshakufa.

Sichana anashusha brashi. 

"Mkunga alikuwamo ndani! Maji ya moto yapo, kitanda kimetandikwa. Mtoto kafa kwa sababu ya simba wa kuchora!"

Siku ya pili yake aliichukua kofia aliyomshonea mumewe kwa ajili ya Idi, akaiuza mjini Darajani, akarudi na rangi.

Sasa Bwana Msabah anafika, fimbo mkononi.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mwanapili," anajibu Sichana.

Mwenyekiti anageuka, anawatazama wanawake waliokwisha kusimama nyuma yake na ndoo zao za maji. Anaondoka bila ya kuaga.

Sichana anachovya tena brashi. Anajua alama inaweza kufutwa usiku mmoja, ndiyo maana hataki kuishia mlangoni. Ijumaa kamati inakutana, na wanawake wanane wamekubali kwenda naye kudai nafasi ndani yake.

"Watasema viti havitoshi," anasema. "Wasiwe na wasiwasi. Tutakwenda na mikeka yetu, tutakaa chini, na hatutaondoka."