Sahani ya Senene

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa senene, mwanangu, nikiwa juu ya paa napigilia bati huko Uganda, upande wa Masaka. Ilikuwa shule ya wanawake watu wazima, na kanisa letu hapa Kagoma lilikuwa limetafuta fundi wa kujitolea. Nani mwingine angeitwa? Mimi niliikimbia fimbo ya mwalimu nikiwa darasa la pili, lakini nyundo nilijifunza mwenyewe, na hii nyumba unayolala, pamoja na duka la Miembeni, vimetoka kwenye mikono hii. Nasema ukweli tu.

Baba yangu, Taata, naye alikuwa amenituma. Dada yangu Kokugonza alimwomba ruhusa ya kwenda kusoma huko, na Taata akaniambia, "Kaione kwanza. Ukisema inafaa, ataenda. Ukisema haifai, basi." Sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa mwanamume wa nyumba.

Sasa asubuhi hiyo wanawake wa shule walikuwa wameamkia majanini, kwenye umande, wakikamata senene, panzi wale watamu wa msimu. Wakawanyonyoa mbawa na miguu, wakawakaanga. Harufu ikanifuata juu. Nikashuka, nikanawa, nikakaa kungoja sahani kama nilivyongoja tangu utoto, maana kwetu unajua: wanawake hukamata, wanaume hula, na mwanamke kuwaonja ni mwiko. Huko nako ilikuwa hivyo hivyo, kumbe si ndani ya ua ule. Wakaketi, wakaanza kula wenyewe!

Mama mmoja, Nalwoga, mkubwa kuliko mama yangu Mae, akanitazama.

"Fundi, wewe umekamata wangapi?"

"Mimi nilikuwa kwenye bati."

"Basi kula bati."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kisha wakanipa, tena wengi, ila siku hiyo hawakunishuka vizuri. Nalwoga mwenyewe alikula mmoja akiwa amefumba macho, kama anayemeza kwinini, akasema, "Mume wangu asisikie." Nikashindwa kujua anafurahi au anaogopa.

Nilirudi nyumbani na kichwa kimevurugika. Mae akatuwekea senene mimi na Taata, yeye na Kokugonza wakakaa kando ya mafiga. Taata akasema, "Haya, tuambie. Shule inafaa?"

Badala ya kujibu, nikainua sahani nikaiweka mbele ya dada yangu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kuonekana nimetembea.

"Mawe! Mama yangu!" Mae akashika kifua. "Wamemloga huko!"

"Umekwenda fundi, umerudi Mganda?" Taata akauliza, wala hakuwa anacheka.

Kokugonza hakugusa hata mmoja. Aliirudisha sahani kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akasema taratibu, "Kaka, sikuomba senene. Niliomba shule."

Nikasema, "Inafaa, Taata. Aende."

Akaenda. Maneno machache tu ya kinywa changu! Aliyekimbia darasa ndiye aliyeulizwa, na aliyelitamani alikaa kando ya moto akingoja. Nimeligeuza jambo hili miaka yote hii nikipalilia kahawa, na bado sijui kwa nini niliulizwa mimi. Sijui kama nilimpa kitu, au nilimwondokea tu mlangoni.

Bado najisifu, usinicheke. Nyumba nimejenga mimi. Lakini nikifika kwenye neno "peke yangu", ulimi unakwama, maana nawaona Mae na dada yangu wameinama kwenye umande, na mimi nimelala.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta neno lako linasikilizwa kuliko la dada yako, usikimbilie kuamini kwamba ni kwa akili zako. Usimgawie kile ulichozoea kula wewe. Muulize anataka nini, kisha usisimame njiani. Mengine sijayaelewa, pengine wewe utayaelewa mapema kuliko mimi.

Mungu akupe nguvu za mikono, migomba yako isikose mvua, na kila anayekupikia naye ale akiwa amefumbua macho.