Turubai la Sajenti Nzunda

Wateja wa duka langu la vipuri vya malori hapa Chapwa, Tunduma, wakisikia nilikuwa jeshini na Sajenti Nzunda, wanasahau hata bolti walizofuata. "Yule mwenye nishani kifua kizima? Tusimulie, mzee!" Nawaambia nunueni mwende, foleni ya mpakani haimsubiri mtu. Anayetaka kumwona shujaa aende uwanjani siku ya gwaride akamtazame. Mimi nilikuwa naye Kongo, na ninachokijua si cha kumsimulia mtu huku anachagua bolti.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Tulikuwa tunalinda kijiji cha wakulima mashariki mwa Kongo, waasi wako ng'ambo ya bonde. Wanakijiji tulikuwa tumeshawahamishia kanisani, nyuma ya mahandaki yetu. Kahawa yao ilibaki imeanikwa kwenye vichanja, mahali pa wazi mbele yetu. Bibi mmoja aligoma kuondoka mpaka aahidiwe. "Mwanangu, mvua ikija, nani atanifunikia?" alimuuliza Nzunda. Na Nzunda, mzaliwa wa Nanyala kule Mbozi, mtu aliyesomeshwa kwa kahawa, akamwapia kwamba haitalowa hata punje.

Hakuwa anatania. Baada ya uji akamwita Haonga, askari mwenzetu ambaye kwao na kwa kina Nzunda wanapakana shamba kwa shamba. Nzunda ndiye aliyemshawishi aingie jeshini, na siku wanaondoka mama yake Haonga alimwambia mbele ya watu: "Umemchukua, utamrudisha." Sasa Nzunda akamwonyesha turubai lililokunjwa kando ya handaki.

"Haonga, ikinyesha, wewe ndiye wa turubai. Usisubiri kuambiwa."

"Sawa, Afande."

Mimi Mnamwanga, mtoto wa biashara za mpakani, nilicheka mpaka uji ukanipalia. "Ninyi Wanyiha! Hata Yesu akirudi mtamwambia angoje kwanza mfunike kahawa." Haonga akanijibu kwamba sisi wa Tunduma tutamuuliza Yesu kama ana kwacha za kubadilisha. Hata Nzunda alicheka, na yeye kumwona jino ilikuwa kazi.

Jua lilipopanda wakatushambulia.

Bombomu lao, bunduki ile ya kumwaga risasi mfululizo, lilikuwa kwenye miti, upande wa kushoto. Lilichana magunia yetu ya mchanga kama limepewa kazi hiyo tu. Mtu wetu wa redio alikufa katikati ya sentensi. Nzunda akawa anatambaa kutoka shimo hadi shimo, anatupanga upya, anamtukana kila aliyeficha kichwa. Haya yote ni kweli na nayakubali kwa moyo mmoja: bila yeye wangefika kanisani, na kule walikuwemo wazee na watoto wachanga.

Kisha mvua ikaja. Kule haipigi hodi.

Haonga akaweka bunduki chini.

Niliuona uso wake. Hakuwa amerukwa na akili, wala hakuwa anatafuta sifa. Ulikuwa uso wa mtu wa Mbozi aliyesikia matone na kahawa iko nje. Kwao mtu huacha ugali mezani, huacha hata mgeni katikati ya salamu, anakimbia kwanza, kufikiri baadaye. Na juu ya hayo alikuwa na amri.

Akabeba turubai. Akatoka.

"Haonga! Rudi! Rudi, we!"

Alifika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alifika. Akatandaza turubai, akafunga kamba upande mmoja, akazunguka kwenda wa pili.

Bombomu likamkata miguu.

Hakufa. Alilala chini ya kichanja akimwita mama yake kwa Kinyiha, na waasi wakaacha kumpiga. Wakamwacha alie. Walijua kuna mtu atamfuata.

Nzunda akamfuata.

Risasi ikamtoboa bega. Akaanguka, akaamka. Akamkokota Haonga kwa mkanda wa suruali, mkono mwingine unafyatua risasi, mpaka wakaangukia handakini juu yangu.

"Afande," Haonga akasema, "upande wa pili bado."

"Umefunga. Umefunga yote."

Akafa akiwa anatikisa kichwa kukataa.

Nzunda hakumlilia. Alichukua mabomu ya mkono, akapita migombani na bega lile linavuja, akalinyamazisha lile bombomu na wote waliokuwa nalo. Ndipo ikatoka nishani kubwa kuliko zote alizonazo.

Kesho yake yule bibi akarudi kwenye vichanja vyake. Akapapasa kahawa, kavu upande mmoja, upande mwingine imeloa chapachapa. Akamjia Nzunda, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa shingoni kwa bendeji, akamsuta mbele yetu: "Uliniapia!" Nilitaka kumfokea. Nzunda akanizuia kwa macho, akasema, "Nisamehe, mama." Bibi akaondoka akinung'unika. Hakuna aliyemwambia damu ile chini ya kichanja ni ya nani.

Siku ya mazishi, Nanyala, Nzunda alimweleza mama yake Haonga kila kitu: turubai, amri, yote. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageuka akarudi kaburini.

Msimu huu nilikwenda kumtembelea. Tulikaa barazani, kahawa yake imeanikwa uani, nishani ziko ukutani sebuleni ambako haingii. Mawingu yakashuka ghafla. Majirani wote wakatoka mbio. Nzunda peke yake hakuinuka. Nikamwonea huruma ambayo sijapata kumwonea mtu mwingine.

Mama Haonga akatokea kwao, mgongo umepinda, ameshika khanga kichwani. Akaingia uani bila hodi na kuvuta turubai la Nzunda.

"Mama, acha," Nzunda akasema, amenyanyuka nusu. "Acha, nitafunika mwenyewe."

"Kaa tu, Sajenti," alisema, hata hakugeuka. "Kufunika ni kazi ya kwetu."

Akafunga kamba upande mmoja. Akazunguka, akafunga na wa pili, akaivuta kuona kama imekaza, akarudi kwao na mvua ile.

Nzunda akakaa.