Gobole Lililopakwa Rangi ya Fedha

Wamelitundika sebuleni, mwenzangu, kati ya kalenda na saa ya ukutani isiyokwenda. Gobole la babu! Nilikuwa nimefika Vwawa kumsalimia mtoto wa kaka yangu, nikaliona hata sijakaa. Wamelipaka rangi ya fedha toka mtutu hadi kitako, linang'aa kama sufuria la dukani. Nikashika nyundo yake, nikavuta. Haisogei. Rangi imeingia kwenye mtambo ikagandia humo.

"Shangazi, hilo ni urembo tu," akaniambia.

Urembo. Nikameza tusi, maana nina wajukuu na sipendi kutukana mbele ya watoto.

Kwetu Iyula, miaka ile ya themanini bidhaa zilipoanza kumiminika kutoka Tunduma, gobole lile halikuwa pambo. Shamba letu lilipakana na kichaka cha nyani, na mahindi yale ndiyo yalikuwa ugali wetu mpaka msimu mwingine. Babu alikuwa na amri yake: gobole likilia, nyama haiingii chunguni mpaka mtambo uoshwe. Ulie njaa, usilie, shauri yako. Bibi alichemsha maji, babu akayamimina mtutuni, mimi nikashika beseni chini ya kile kitundu kidogo panapokaa fataki ya kuwashia baruti. Maji yalitoka meusi, yananuka mayai viza. Alimimina mpaka yakatoka safi. Kisha akafungua mtambo, akaufuta kwa kitambaa, akauanika karibu na mafiga hadi ukawa wa moto mkononi, akapitisha unyoya wa kuku kitunduni. Mwisho kabisa mafuta ya nyonyo, kiasi cha ncha ya kidole tu. Akizidisha, bibi alimwuliza, "Unakaanga maandazi, mzee?" Mpaka leo nikisikia harufu ya nyonyo, mate ya nyama yananijaa mdomoni.

Sasa, baba mdogo. Huyu alikuwa akivusha mali pale Tunduma, mpakani na Zambia, akarudi nyumbani na raba nyeupe, miwani ya jua na maneno mengi ya Kibemba ambayo hakuna aliyemwomba. Babu alikuwa amekwenda msibani Igamba, akamwachia gobole na shamba. Siku ya kwanza tu akaua kanga. Bibi akabandika maji, akamwita. "Mama, mambo ya kizamani hayo," akasema. Akataka kanga apikwe kwanza. Akala, akashiba, akalala. Kesho yake masizi yameshaanza kula chuma, naye, badala ya kuosha, akachukua mafuta ya kupikia aliyoyaleta kutoka Zambia akayamwaga mtutuni na kwenye mtambo kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kwa nje likametameta. Akaniita nilitazame! Akalishindilia baruti hivyo hivyo.

Nyani wakaja mchana kweupe. Baba mdogo akasimama katikati ya shamba na miwani yake, akalenga dume, akafyatua. Ta! Fataki ikalia, basi. Baruti imelowa mafuta. Akaweka fataki nyingine. Ta! Lile dume likaketi, mwenzangu, likamenya hindi huku linamtazama usoni. Bibi na mimi tukakimbia na madebe na mawe, lakini walikuwa wengi, na sehemu yote ya juu ya shamba ikaenda. Mwaka ule tulikula viazi mpaka nikachukia jina lake.

Babu aliporudi hakupiga kelele. Alichemsha maji, akaosha mtambo mwenyewe, akalitundika gobole juu ya mlango wake. Akampa mwanawe debe bovu na fimbo. "Hili halihitaji kuoshwa," akamwambia. Msimu mzima baba mdogo alishinda shambani akigonga debe, raba zimekuwa rangi ya matope, na akina mama waliopita na mizigo ya kahawa wakimpigia kelele, "Bwana Tunduma, mbona leo hulengi?"

Amekwishafariki. Babu na bibi vilevile. Kichaka wamekata, nyani hakuna, na watu wa sasa wanachojua kuhusu chuma ni kukipaka rangi. Jana pale sebuleni nililishusha gobole, nikaliweka mapajani, nikaomba maji ya moto.

Wakaniletea chai.