Nilifungia karanga buku la kigari, mke mwenzangu akapewa talaka

Admin, jina langu lifiche, na mtaa pia, sema Temeke inatosha. Mie bibi wa miaka sabini na mbili, au na tatu, kwetu hawakuandikaga. Shule sijakanyaga. Anayeniandikia ni Mama Neema, mpangaji wangu, mie nasema yeye anabonyeza. Nimemwapisha kwa Biblia yake asimwambie mtu, akacheka, "Bibi, si ndo unawaambia watu wote hao wa kwenye simu?" Nikamwambia hao hawanijui.

Haya. Marehemu mume wangu alikuwa fundi magari. Alifanya kazi kwa Muingereza mmoja mwenye kigari cha kijani, cha watu wawili tu, hakina paa, kimelala chini kama bata anayeatamia. Ubavuni kina namba ndani ya duara jeupe. Cha mashindano hicho, cha kwao Uingereza, kimekimbia huku kwetu mpaka Nairobi, na spana alikuwa anashika marehemu. Mzungu aliporudi kwao akamwachia kigari na buku lake. Humo ndo mlikuwa na mashindano yote, kilikimbia wapi, kilishika nafasi ya ngapi, na mihuri na sahihi.

Kigari kikaja kufa injini, kikawekwa uani chini ya turubai, lakini kila Ijumaa mzee anakifuta. Tulikuwa wake wawili. Mwenzangu, nimwite Bi Mdogo, alikuwa na maneno huyo! Akimuona mzee na kitambaa chake ananiambia, "Dada, mwenzetu keshaogeshwa, sie zamu yetu lini?" Tunacheka mpaka tunafukuzwa. Msidhani wake wenza ni kuwekeana sumu tu. Tulisukana, tulipikiana. Alipojifungua mtoto wa kiume, mie ndo nilimkanda. Mie mwenyewe Mungu hakunijalia.

Nikiuzaga karanga Buguruni sokoni. Siku moja karatasi za kufungia zimeniishia, nikafungua sanduku la mzee, nikaona daftari la zamani, kurasa ngumu, ukizikunja zinasimama zenyewe. Nikajua makaratasi ya gereji hayo. Nikalichana lote. Na karanga zilivyotoka siku zile! Mteja mmoja ananiambia, "Mama, leo karanga zako zimevaa suti."

Mzee alipokuja kulitafuta mie nilikuwa uani nachagua mchele. Akatoka, "Nani kafungua sanduku langu? Buku la kigari liko wapi?" Hapo ndo nikajua. Na mdomo wangu, Mola anisamehe, ukasema hivi: "Baba, mie hata kusoma sijui, buku nilifanyie nini?"

Sikusema kachukua mwenzangu. Lakini mle ndani mwenye darasa la saba alikuwa yeye peke yake. Mzee akamgeukia, "Umemuuzia nani?" Akaapa, akalia, kisha akaniangalia mie. Nadhani alijua, pakiti zangu alizionaga. Mie nikainamia ungo natafuta mawe kwenye mchele usio na mawe. Mwenzangu akangoja. Halafu akasema tu, "Sawa." Siku hiyohiyo akapewa talaka, akarudi kwao Boko. Mtoto ana miaka saba, baba yake akamzuia, akabaki kwangu.

Niliogopa, ndiyo. Mwanamke sina mtoto, nikiachwa niende wapi? Lakini ngoja niseme na hili, Mama Neema andika: nilimtaka yule mtoto. Nilipoona mama yake anatoka na yeye anabaki, roho yangu ilifurahi. Ilifurahi kabisa.

Akakua akiambiwa mama yake mwizi. Mie sikusema ndiyo, sikusema hapana. Idd mama yake anamletea nguo, anasimama mlangoni, mtoto anapokea mfuko hata usoni hamuangalii. Nami nipo, nakaanga maandazi.

Mzee kafariki. Mtoto sasa ni baba wa watu, fundi kama baba yake, ana gereji Tegeta. Kigari alikichukua, miaka na miaka anakihangaikia. Bodi kaigonga upya, injini kaifungua kaifunga, rangi ileile ya kijani. Mwezi uliopita kimewaka. Kinavyonguruma, jamani! Nililia. Wakamwalika kwenye maonyesho ya magari ya zamani, njia ya Bagamoyo huko, ila wakamuuliza ushahidi wa mashindano uko wapi. Akanijia amevimba: "Mama, wananicheka. Wanasema namba nimechora mwenyewe. Yule mwanamke kaniharibia mpaka leo." Halafu akanishika mkono. "Lakini Jumamosi tunakwenda nacho. Viti viwili tu. Kimoja changu, kingine cha mama yangu. Na mama ni wewe."

Juzi Bi Mdogo akanipigia. Siku hizi miguu inamsumbua. "Dada, nasikia kigari kimewaka. Hongera, umemlea vizuri." Hongera, ananiambia mie! Akaendelea, "Nikikaa hapa barabarani Boko Jumamosi mtapita? Nimuone tu akiendesha. Sitasogea." Nikamjibu tutapita.

Wanangu, buku halirudi, limeshakwenda na maganda ya karanga. Nikisema, kigari hakipati ushahidi, nami nampoteza mtoto niliyenaye mmoja, uzee huu. Nisiposema, nitapita mbele ya mama yake nimekalia kiti chake, nampungia mkono. Nimeshasingizia mgongo unauma nisiende, mtoto akasema ataniwekea mto.

Nipeni akili, nianze wapi? Nimwambie mtoto kwanza, au niende Boko nimpigie magoti mama yake? Nijibuni kabla ya Jumamosi. Mama Neema atanisomea yote, na matusi nimemwambia asiyaruke.