Nafasi Aliyoiacha Felista

Nakumbuka Jumamosi moja kule Ngumbo, kando ya ziwa, mwanangu, siku niliyoaibika nyuma ya jiko la watu. Sijawahi kukusimulia, maana baba mkubwa naye ana haki ya kuficha mambo yake mawili matatu. Lakini jana umenisikilizisha kwenye simu wimbo ambao rafiki yako ameshindwa kuumaliza, ukaniambia kwa raha zako kwamba leo utaumalizia mwenyewe. Basi kaa kwanza.

Wakati huo nilikuwa kijana, mwalimu wa kwaya hapa Mbinga mjini. Nilijua kuandika nota, nikajiona nimefika. Nilivaa tai hata siku za mazoezi. Ndipo dada Felista akapanda lori kutoka ziwani kuja kunitafuta, na kikapu cha usipa mkavu, dagaa wa kule, wa kunishukuru kabla sijafanya lolote. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za kioda, ngoma ya akina mama wa kule, na katika kioda hakuna aliyemfikia. Safari hii alikuwa amekwama.

Mdogo wake, Skola, alikuwa ameolewa huku kwetu milimani, kijiji cha Ruanda. Baba yao alipofariki, Skola hakuonekana mazishini wala halikuja neno lolote kutoka kwake. Kwa miaka sita Felista hakulitaja jina lake. Sasa familia ilikuwa inajengea kaburi la baba, Skola ametuma habari kwamba atakuja, na mama yao, Bibi Melania, amesema anataka kuwaona wanawe wakila sahani moja kabla hajafa. Felista hakuweza kuzungumza na mdogo wake. Aliweza kumwimbia tu.

Wimbo wenyewe ulikuwa maswali. Baba aliita jina lako, Skola, ulikuwa wapi? Kisha kimya cha pumzi mbili. Mama alikuwekea chakula, Skola, ulikuwa wapi? Kimya tena. Akaniambia anaishia hapo, hajui kinachofuata.

Mimi nilijua papo hapo. Nilichukua siku tatu nikajaza kila kimya: nilikuwa mbali, dada, nilisahau nyumbani, nisamehe. Sauti nne, na zilipanda vizuri hasa, sitakudanganya. Felista alisikiliza, akasema taratibu kwamba pale alikuwa amepaacha kwa makusudi. Nikamjibu kuwa wimbo hauachwi na mashimo. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, hakubisha, na tukashuka wote ziwani kuwafundisha wenzake.

Siku ikafika. Skola alisimama uani, mwembamba, begi mkononi, na akina mama wakamzunguka. Felista akaimba swali la kwanza. Nilimwona Skola akifungua mdomo, lakini kabla hajatoa sauti akina mama niliowafundisha wakamjibia: nilisahau nyumbani, nisamehe. Swali la pili, vilevile. Waliomba msamaha kwa niaba yake, kwa kosa ambalo hakuna aliyemuuliza kama alilitenda. Wimbo ulipoisha vigelegele vikapigwa, na Skola akaenda zake barabarani na begi lake, analia. Mimi nikadhani ni utamu wa wimbo. Ndivyo nilivyokuwa mjinga, mwanangu.

Bibi Melania akaniita nyuma ya jiko. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia, na nilitamani angenichapa.

"Mwalimu, nani alikwambia binti yangu alikuwa wapi?"

Nikabaki kurekebisha tai yangu.

"Felista alikwama kwa sababu maneno yaliyobaki hayakuwa yake," akasema. "Yalikuwa ya Skola, nawe umemwibia. Nenda ukayaondoe."

Nilimfuata Felista na tai yangu shingoni, nikamsihi aimbe tena, peke yake, kama alivyoniletea Mbinga. Magari ya kule hayakuwa na haraka, nashukuru mpaka leo. Tulimkuta Skola bado amekaa ukingoni mwa barabara. Felista akasimama mbele yake, akaimba swali lile la kwanza, akanyamaza. Pumzi mbili zikapita, ikapita ya tatu, na ya nne. Nilikuwa na jibu zuri mdomoni, nikalimeza.

Skola akajibu akitazama chini, kwa sauti ya wimbo uleule. "Nilikuwa hospitali, dada. Nilimzika mtoto wangu wiki ileile. Barua niliandika."

Barua haikufika. Felista hakujua hata kwamba mdogo wake alikuwa amebeba mimba. Alikaa kwenye vumbi na gauni lake la kanisani, wakashikana, wakalia mpaka nami nikalia. Baadaye, kwa sauti iliyokwaruza, akaimba mstari wa mwisho, ule aliokuwa ameukosa, uliomtoa Ngumbo mpaka kwangu: basi njoo tule. Tukarudi nyumbani, wakala ugali wa muhogo sahani moja, mama yao akiwatazama bila kugusa chake. Nikamwamkia tena. Safari hii aliitikia marahaba.

Kwa hiyo, mwanangu, leo usiandike kitu. Panda bodaboda uende kwa rafiki yako, ukae naye. Muulize amekwama wapi, na wimbo anamwimbia nani. Kama anakosa neno, mpe. Kama anakosa sauti, mpe, unazo nyingi. Lakini kama amekwama kwa sababu anangoja mtu fulani amjibu, hapo mpigie makofi ya kushika mapigo na ufunge mdomo. Una moyo mwema, ndiyo maana nakuonya. Wenye roho mbaya hawahangaiki na nyimbo za wenzao. Mimi nami nilikuwa na moyo mwema siku ile, na kidogo nimkoseshe mama mzee wanawe.

Mungu aibariki sauti yako, na akujalie uvumilivu wa kungoja ya mwenzako. Rafiki yako akimaliza, mlete auimbe hapa kwangu. Mahali alipopaacha, nitapaacha.