Tsonka na seva sita zinazochora paka wa Gabrovo

Saa tatu kasoro robo asubuhi, katika chumba kilichokuwa stoo ya nyuzi za sufu, Tsonka Racheva amelala chali sakafuni, tochi ameing'ata kwa meno. Juu yake zinanguruma seva sita. Mkono wake wa kulia unapapasa nyuma ya kabati la chuma, vidole vikihesabu nyaya.

"Nne... tano... sita. Zote zimefika," anasema baada ya kutoa tochi mdomoni. "Sasa zote zinaona diski zile zile. Kuona ni rahisi. Kazi ni kuzifundisha adabu."

Tsonka, mwenye miaka 51, ndiye fundi pekee wa kompyuta katika karakana moja ya filamu za katuni mjini Gabrovo. Watu kumi na mmoja wa karakana hiyo wanatengeneza filamu ya dakika 71 kuhusu paka asiye na mkia.

Hapa hakuna anayeuliza mkia uko wapi. Utani wa mji ni kwamba watu wa Gabrovo, kwa ubahili wao, walikata mikia ya paka ili paka akipita mlango ufungwe upesi na joto la nyumba lisipotee. Wenyewe huusimulia kabla mgeni hajawachokoza.

Filamu hiyo ina picha zaidi ya laki moja. Wasanii huzichora ghorofani, kisha seva huzitia mwanga, kivuli na manyoya. Seva moja ingemaliza kazi hiyo kwa miaka minne. Sita zikigawana, ni miezi minane.

Lakini ili zigawane, lazima zote zisome na kuandika mahali pamoja. Hapo ndipo Tsonka alipoteleza mwaka jana.

"Mimi ndiye niliyeharibu," anasema bila kuulizwa. "Andika hivyo hivyo."

Aliunganisha seva mbili kwenye kabati moja la diski, akaacha kila moja ipange mafaili kana kwamba iko peke yake. Kila seva ikawa na kumbukumbu yake ya mahali palipo wazi. Moja ikiweka picha, nyingine haina habari, nayo inaweka ya kwake juu yake.

Siku tisa zilipita hakuna aliyegundua. Siku ya kumi msanii Ivelina Doncheva akafungua sehemu ya filamu inayotokea sokoni.

"Nikapiga ukelele," anasema Ivelina, akicheka hadi anashika ukuta. "Nikamwita, 'Dada Tsonka, njoo uone! Paka wetu hana mkia, sawa, hilo tulishakubaliana. Lakini huyu hana kichwa!'"

Picha 9,400 ziliharibika. Tsonka akaandika barua ya kuacha kazi, akampelekea Penyo Kolchev, mwongozaji wa filamu na mwenye karakana. Mzee aliisoma, akaikunja mara nne, akaipachika chini ya mguu wa meza yake uliokuwa ukiyumba.

"Nimemsomesha kwa picha elfu tisa," anasema Mzee Penyo. "Halafu nimwachie aende akamtumikie mtu mwingine na elimu yangu? Mimi ni mtu wa Gabrovo, bwana!"

Tsonka hakuanzia kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na sita alikuwa fundi wa mashine za kufuma kitambaa, katika kiwanda kilichokuwa kando ya mto Yantra. Kilipofungwa alikuwa na binti wa miaka minane na mkono mmoja wenye kovu la mashine. Akaingia masomo ya jioni, akatengeneza mashine za risiti madukani, na miaka saba iliyopita akabisha hodi hapa. Analipwa leva 2,300 kwa mwezi. Anasema mshahara huo haumjengei mtu nyumba, lakini haumlazi njaa.

Baada ya paka kukosa kichwa, aliapa kujifunza upya. Majira yote ya baridi alipanga kompyuta kuukuu nne juu ya meza ya jikoni kwake, akaziunganisha na diski za pamoja, akazivuruga, akazipanga tena.

Mumewe, Gancho, dereva wa gari la mikate, bado ana kinyongo.

"Miezi mitatu nimekunywa supu wima kama farasi," analalamika.

"Si ulikunywa lakini?" anamjibu mkewe.

"Nanyoosha mkono nichukue chumvi, nachomoa waya. Nadhani nitatukanwa. Yeye anaruka kwa furaha, 'Chomoa tena, Gancho! Chomoa na ule mwingine!'"

Kwenye meza hiyo alijifunza mambo mawili. La kwanza, hakuna seva inayoruhusiwa kugusa faili kabla ya kuomba ufunguo wake, na wenzake wote wajue nani anao. La pili ndilo lililomchukua muda zaidi.

"Seva ikinyamaza, usidhani imekufa," anaeleza. "Pengine imekatika mawasiliano tu, na huko iliko bado inaandika. Kwa hiyo zilizobaki, zikiwa ndizo nyingi, zinaizima umeme kwanza, kwa amri inayofunga soketi yake. Zikishahakikisha imezimika, ndipo zinachukua kazi yake."

Leo ni siku ya jaribio. Likifaulu, picha halisi zitahamishiwa humu kesho. Saa tano wote wanashuka chini, Ivelina akiwa na sinia la banitsa, ule mkate wa jibini, bado unatoa moshi. Gancho naye ameegesha gari nje. Seva zinapewa picha mia sita, nakala tu, na kwenye skrini ya ukutani zinaonekana zikikamilika moja baada ya nyingine.

Tsonka anachomoa kebo ya mawasiliano ya seva ya nne.

Picha zinasimama. Mzee Penyo anaacha kutafuna. Sekunde zinapita. Kisha ukutani picha inatokea, na nyingine, na nyingine. Chumba kinalipuka kwa makofi.

Tsonka hapigi makofi. Ameinama mbele ya kabati.

"Nyamazeni kwanza! Mbona taa ya hii bado inawaka?"

Anaweka kiganja juu ya seva ya nne. Bado inanguruma.

"Ivelina, simamisha kila kitu! Sasa hivi!"

Seva ya nne ina nyaya mbili za umeme. Wenzake walizima soketi moja, wakaamini kazi imekwisha, wakaendelea. Kumbe bado iko macho kwa waya wa pili, na inaweza kuandika juu ya kazi yao.

"Lakini si imefanya kazi?" anauliza Mzee Penyo. "Nimeona kwa macho yangu."

"Mzee wangu, hata mwaka jana ulikuwa unaona kwa macho yako. Siku tisa."

Mzee anarudisha kipande chake cha banitsa kwenye sinia.

Tsonka anarudi chini ya kabati. Kwa dakika arobaini anafuata nyaya za kila seva, anazipa namba, kisha anaandika upya amri: zizimwe soketi zote mbili, si moja. Hakuna anayepanda ghorofani.

Mara ya pili anamwambia Mzee Penyo achague mwenyewe.

"Ipi inakula umeme zaidi?" anauliza mzee.

"Zote sawa."

"Basi hii." Anachomoa kebo ya seva ya pili, kwa vidole viwili, kama anayeng'oa jino la mtoto.

Picha zinaganda. Soketi inalia tik, halafu ya pili, tik. Taa inazimika na feni inapungua sauti hadi kimya. Sekunde ishirini. Kisha picha zinaanza kumiminika ukutani.

Safari hii hakuna anayeshangilia. Wanamsubiri Ivelina akague picha mia sita zote. Anazipitisha upesi, midomo ikihesabu.

"Vichwa vyote vipo!" anapiga kelele. "Na mikia yote haipo!"

Tsonka anakaa sakafuni pale pale, anacheka huku machozi yakimtoka. Ivelina anamshika Mzee Penyo mkono, mzee anamshika Gancho, na ngoma ya horo inazunguka kabati la seva, watu wakiruka nyaya.

Filamu itaonyeshwa kwa watoto wa mji mwakani, Juni. Mzee Penyo tayari ameuliza jina la Tsonka liandikwe vipi mwishoni mwa filamu.

"Kitambaa nilichosaidia kufuma kilivaliwa nchi nzima," anasema Tsonka, akijifuta vumbi magotini. "Hakuna hata mmoja aliyejua jina langu. Nimemwambia aandike: Tsonka Racheva, fundi. Basi."

Anajua kwamba majina yakianza kupita, watoto huwa wameshakimbilia nje. Hilo nalo amelifikiria.

"Nitakaa kiti cha karibu na mlango," anasema. "Atakayenyanyuka kabla jina langu halijapita, namrudisha akakae."