Neno la Siri la Kompyuta ya Ofisi

Nichekeni tu. Bosi wetu, mnunuzi binafsi wa pamba hapa Bariadi, alileta kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikigoma kuzima. Minza, fundi wa kike kutoka Mwanza, aliitengeneza, akaondoka. Nikabaki namuwaza hadi chakula hakishuki. Mwisho nikaivuruga makusudi ili aitwe tena.

Akaja, akaitengeneza. Bosi akamwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, ifanye ifunguke yenyewe pia, bila neno la siri. Analijua huyu karani tu; akiugua tunakwama."

Minza akanigeukia. "Nitajie neno la siri, kaka, niliingize."

Nikasema nimelisahau.

"Umelisahau vipi, na asubuhi umeliandika?" bosi akafoka. "Taja!"

Nikainamisha kichwa. "Ni maneno mawili, yameunganishwa," nikanong'ona. "Minza rudi."

Vidole vyake vikasimama juu ya kibodi.